Gunia la Sifuri

Ghalani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mzee Jumla, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alivyotaka watu wajue. Kila lori lilipoingia uani na turubai likafunguliwa, alisimama kwenye mlango mpana, kalamu sikioni, mikono nyuma kama hakimu, na wapagazi walipoanza kushuka na magunia mabegani yeye alianza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Hakutumia vijiti wala alama za chaki kama makarani wengine. Alihesabu kwa mdomo tu, huku akizungumza na dereva, akikemea wanaoburuta magunia, akipiga chafya, na hesabu haikumpotea. Gunia la mwisho lilipogusa sakafu alinyoosha kidole juu, akapaza sauti, "Jumla!" halafu akataja idadi, na idadi hiyo ilikuwa sheria. Meneja mwenyewe alishaacha kubishana naye.

Ni haki ya mtu kujivunia kazi yake. Ubaya wa Mzee Jumla ni kwamba hakujua kujivunia kidogo. Angesema, mimi najua kuhesabu magunia, na dunia nzima ingemwitikia. Lakini yeye tangu ujanani alikuwa ametangaza kwamba alimaliza sekondari, tena upande wa sayansi, na kwamba fizikia alikuwa akiila kama chakula. Uongo huo aliutamka mara ya kwanza mbele ya wakwe zake, siku ya kwenda kujitambulisha, baba mkwe amemkazia macho. Kweli yenyewe ni kwamba alianguka mtihani wa kidato cha pili, akarudia, akaanguka tena, akaenda kutafuta kazi. Wakwe wakafurahi, posa ikakubaliwa, na uongo ukahamia nyumba mpya pamoja na godoro na masufuria.

Watoto wakubwa walikua wakiusikia, wakaondoka nao kwenda kwenye maisha yao. Akabaki kitindamimba, binti ambaye sasa mwenyewe alikuwa kidato cha pili, na huyo ndiye aliyeuamini kuliko wote. Alikuwa mpole wa maneno na mwepesi wa kalamu. Mama yake alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na siku moja alimchukua akaone mashine inayomwonyesha mtoto akiwa bado tumboni. Akaambiwa kwamba mashine ile inaona kwa mawimbi ya sauti. Tangu hapo hakutaka kitu kingine maishani ila kuwa mtu wa kuishika mashine hiyo. Ili afike huko ilimpasa kwanza aingie mchepuo wa sayansi, na nafasi za mchepuo huo zilikuwa chache. Mtihani wa fizikia wa mwisho wa muhula ndio ungeamua nani aingie na nani abaki nje. Nyumba nzima ilijua hivyo. Hata majirani walijua, maana Mzee Jumla hakuwa mtu wa kuficha jambo la kujisifia.

Jioni moja, wiki ile ile ya mtihani, alirudi kutoka kazini akamkuta binti mezani na rula na penseli, uso ameukunja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Leo wanakutesa na nini?"

"Mawimbi, Baba."

"Aa, mawimbi!" Alivuta kiti akakaa hata kabla ya kuvua viatu. Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi pale pembeni, alikohoa kidogo. "Hayo ndiyo mambo yangu hayo. Hebu nisomee."

Binti akasoma. Mtu amesimama ukingoni mwa bwawa, anatazama mawimbi yakipita kwenye nguzo iliyo majini. Kilele cha kwanza kilipogusa nguzo, aliwasha saa. Kilele cha kumi na moja kilipogusa nguzo, aliizima. Saa ilionyesha sekunde ishirini. Kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata ni mita tatu. Tafuta kipindi cha wimbi, masafa yake na mwendo wake.

Mzee Jumla alitikisa kichwa kama daktari aliyesikia ugonjwa anaoujua. Kusema kweli, nusu ya maneno yalimpita juu ya kichwa. Masafa aliyajua ya redio tu. Lakini alisikia kilele cha kwanza, akasikia kilele cha kumi na moja, na mtu wa kuhesabu akisikia kitu kinachohesabika hawezi kutulia.

"Nikumbushe kidogo, ni zamani," alisema. "Kipindi ndiyo nini kwa maneno yenu ya siku hizi?"

"Ni muda wa wimbi moja kupita lote, Baba. Masafa ni mawimbi mangapi yanapita kwa sekunde moja. Ukishapata masafa unazidisha kwa urefu wa wimbi, unapata mwendo."

"Haswa! Hivyo hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Basi hapa mawimbi ni kumi na moja, sekunde ni ishirini. Gawanya."

Binti alishika penseli bila kuandika. "Mwalimu anasema kile cha kwanza, pale unapowasha saa, tukihesabu sifuri."

"Sifuri?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee Jumla alicheka mpaka akashika meza. "Mama, mimi nahesabu magunia tangu hujazaliwa. Gunia la sifuri umeliona wapi? Lishuke la kwanza nisimame pale niseme sifuri? Si mwenye mali atanifukuza siku hiyo hiyo! Kitu ukikiona kwa macho yako, hicho ni moja. Mwalimu labda alikuwa na maana yake nyingine."

Binti naye akacheka, kwa sababu baba yake akicheka ilikuwa vigumu kubaki umenuna. Kisha akamtazama kwa muda, akiwa na uso wa mtu anayepima kitu, akainama akagawanya. Kumi na moja kwa ishirini, sifuri nukta tano tano. Akazidisha kwa mita tatu. Wimbi likawa linakwenda mita moja nukta sita tano kwa sekunde.

"Umeona?" Mzee Jumla akapiga meza kwa kiganja. "Hesabu yenye mkia ndiyo hesabu ya watu wazima. Hizi zinazotoka kamili kamili ni za watoto wa chekechea. Ukitoka mtihani nitakuuliza ulivyojibu, swali moja moja. Usinifiche hata moja."

"Sawa, Baba."

Siku ya mtihani ilipofika alimsubiri mlangoni. Binti akamwambia kwamba swali lile lile la mawimbi lilikuwepo, tena lilichukua karibu nusu ya karatasi, na kwamba amejibu vile vile alivyofundishwa naye. Furaha iliyompata Mzee Jumla haikuwa ya kawaida. Kesho yake ghalani alihesabu lori zima huku akipiga mluzi, na wapagazi walipomuuliza kulikoni, aliwaambia kwamba binti yake anaingia sayansi na kwamba mbinu kampa yeye. "Damu hiyo," alisema. "Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Matokeo yalisomwa uwanjani asubuhi, mbele ya shule nzima. Jina la binti halikuwemo. Aliporudi nyumbani alilisema jambo hilo kwa sentensi moja, akaingia jikoni kumsaidia mama yake.

Mzee Jumla aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alitaka kujua waliochaguliwa ni watoto wa nani. Alitaka kujua mwalimu ana chuki gani. Alisema kesho asubuhi atakwenda shuleni yeye mwenyewe, na watamjua.

Binti alitoka jikoni, mikono ina maji. "Baba, usiende."

"Nisiende? Nani atakupigania basi?"

"Usiende tu, Baba. Nakuomba."

"Msikilize," alisema mkewe kutoka ndani. "Mtoto akikuomba hivyo ana sababu yake."

Lakini wapi! Mtu aliyekwisha kuwatangazia wapagazi hawezi kurudi ghalani mikono mitupu. Aliuona woga wa binti, akadhani binti anamwogopa mwalimu.

Alifika shuleni na koti lake la kazi, kalamu sikioni, vumbi la nafaka kwenye mikunjo. Chumba cha walimu kilikuwa kirefu, meza zimegusana, madaftari yamerundikwa mpaka dirishani, na saa kubwa ya ukutani ilikuwa ikigonga kila sekunde. Walimu wanne watano walikuwa wakisahihisha. Mwalimu wa fizikia alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo na miwani iliyoning'inia kifuani. Alisimama, akampa kiti. Mzee Jumla akakikataa.

"Mwalimu, mwanangu ameonewa."

"Karibu kwanza, Mzee. Ameonewa vipi?"

"Swali la mawimbi. Vilele kumi na moja, yeye ameandika kumi na moja, bila shaka hapo ndipo mlipomkata. Mimi kazi yangu ni kuhesabu. Hakuna mtu hapa anayehesabu kunizidi. Kumi na moja ni kumi na moja, hata mkisimama kichwa chini."

Kalamu za walimu wengine zikasimama. Mwalimu hakukasirika, na hilo ndilo lililomponza Mzee Jumla, maana angekasirika wangegombana tu na kila mtu angekwenda zake. Badala yake alimwomba wajaribu kitu kidogo. Yeye mwalimu atapiga makofi, kofi moja kila saa inapogonga. Mzee ahesabu kwa sauti, na afikapo kumi na moja aseme basi.

"Sindano ya sekunde ikifika juu naanza," alisema mwalimu.

Sindano ikafika juu. Kofi. "Moja!" Mzee Jumla alihesabu kwa sauti ile ya ghalani, inayovuka uwanja. Kofi. "Mbili!" Mwalimu mmoja kijana aliinamisha uso kuficha kicheko. Kofi baada ya kofi, mpaka, "Kumi na moja! Jumla!"

"Tazama saa, Mzee. Zimepita sekunde ngapi?"

Sindano ilikuwa imefika kwenye mbili. Zilikuwa zimepita sekunde kumi tu.

"Makofi kumi na moja," alisema mwalimu kwa upole, "na kati ya kofi na kofi ni sekunde moja. Mbona sekunde si kumi na moja?"

Mzee Jumla hakuwa mjinga, na ndiyo maana ilimuuma haraka. Kofi la kwanza lilipolia, hakuna sekunde iliyokuwa imepita. Lilikuwa mlango tu. Gunia likishuka limeshuka lote, limekwisha, unaweza kulikalia. Wimbi si hivyo. Wimbi ni ile safari ya kutoka kilele hadi kilele, na kilele cha kwanza kinapogusa nguzo safari hata haijaanza. Nguzo ile ilipitiwa na mawimbi kumi kwa sekunde ishirini, kila moja sekunde mbili, nusu wimbi kwa sekunde, na ukizidisha kwa mita tatu unapata mita moja na nusu, kamili, bila mkia wowote. Aliyaona yote kwa mpigo mmoja, akiwa amesimama katikati ya chumba na kidole bado kiko juu.

Akakishusha. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, pamoja na koti na kalamu.

Mwalimu alidhani mzee bado anafikiri. Alimtuma mtu amwite binti. "Nikueleze shida yangu ilipo, Mzee," alisema. "Kosa hilo moja limeharibu kipindi, kipindi kimeharibu masafa, masafa yameharibu mwendo. Nusu ya mtihani imekwenda na maji. Sasa, kama mtoto angekuwa amefundishwa vibaya na mtu, ningemwelewa. Ningempa nafasi nyingine, si kosa lake. Lakini hili nimelisema darasani na nikalirudia. Nimemuuliza nani kakwambia uanze na moja, anasema hakuna, amejitungia mwenyewe. Huo ni ukaidi. Maabara yangu ina moto na tindikali. Mtoto mkaidi siwezi kumwingiza mle."

Mlango ukafunguliwa, binti akaingia. Alimwona baba yake, akamwona mwalimu, akaona nyuso za walimu wengine, akaelewa. Akamwamkia baba yake kama kawaida, akasimama mikono nyuma.

"Mwambie baba yako," alisema mwalimu. "Nani alikufundisha kuanza na moja?"

"Hakuna, mwalimu. Nilijitungia."

Alisema bila kumtazama baba yake. Alikuwa akitazama mguu wa meza.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Sentensi moja tu ilihitajika, tena fupi: ni mimi. Kwa sentensi hiyo binti angepata nafasi yake, mwalimu alikwisha kusema. Mzee Jumla aliitafuta, akaipata. Walimu walikuwa wakimtazama. Yule kijana aliyeficha kicheko alikuwa anatazama pia. Na badala ya sentensi hiyo ikatoka nyingine.

"Kwa nini humsikilizi mwalimu wako?" alimuuliza bintiye. Sauti ilikuwa kali. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimekufundisha hivyo?"

Binti aliinua macho, mara moja tu. "Hapana, Baba."

"Mwombe mwalimu radhi."

"Naomba radhi, mwalimu."

Mzee Jumla akamshukuru mwalimu kwa muda wake, akatoka. Kwenye kona ya jengo la mwisho, pale bomba lilipokuwa likivuja, alisimama akaegemea ukuta. Aliwahi kuona aibu maishani. Aliona aibu matokeo ya kidato cha pili yalipobandikwa, akaona aibu tena alipoanguka mara ya pili. Lakini zile zilikuwa aibu za kushindwa. Hii ilikuwa ya kitu kingine, na hakuna wa kumlaumu.

Ghalani siku hiyo wapagazi walimwuliza kama amewanyoosha walimu. Akasema ndiyo, mambo yanashughulikiwa. Lori likaingia, akahesabu, lakini ilipofika mwisho alitaja idadi kwa sauti ya chini na kwenda zake ofisini. "Mzee leo amekula nini?" mmoja aliuliza. Mwingine akajibu kwamba labda amekula jeuri yake, na wakacheka, bila kujua wamelenga wapi.

Jioni binti alirudi. "Shikamoo, Baba." Akamchukulia koti akalitundika. Akamtengea maji ya kuoga. Akamwuliza kama kazi ilikuwa nzito. Hakununa, hakulia, hakutupa vyombo. Laiti angetupa vyombo! Mzee Jumla alikula akiangalia sahani, hata binti alipomsogezea kitu. Binti alipomaliza kuosha vyombo aliaga, akaenda kwa jirani kurudisha pasi, na wazee wakabaki peke yao.

Mzee Jumla alimweleza mkewe yote, kuanzia makofi mpaka radhi. Aliongea akitazama sakafu. Alipofika kwenye maneno "mimi nimekufundisha hivyo," sauti ilimkatika.

Mkewe hakushangaa popote. "Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha," alisema. "Mimi nimekuosha miaka yote hii."

"Una maana gani?"

"Kidato cha pili, baba watoto. Mara mbili. Ndugu yako mwenyewe aliniambia tukimenya viazi, hata kifungua mimba wetu hajazaliwa."

Alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. "Ukanyamaza?"

"Niliolewa na wewe, sikuolewa na cheti. Ulikuwa unajivika uongo wako mwenyewe, nikasema basi, haumdhuru mtu, unakukaa vizuri." Alikunja shuka la mwisho akaliweka juu ya mengine. "Lakini leo umeuvua ukamvika mtoto. Hilo silivumilii."

Hakumbembeleza. Mzee Jumla alilala upande wa ukuta, na usingizi haukumjia.

Asubuhi hakwenda ghalani. Alivaa shati la kawaida, akafika shuleni wakati walimu wanakunywa chai. Alimwomba mwalimu wa fizikia amwite binti yake, halafu akaomba jambo moja zaidi: walimu waliokuwepo jana wasitoke. Mwalimu alimwambia wanaweza kuzungumza nje, pembeni. Mzee Jumla akakataa. Jana alimfedhehesha mtoto mbele ya watu, leo hakuona haki ya kutafuta pembe.

Binti akaingia. Baba yake hakukaa.

"Mwalimu, jana nilisema uongo. Huyu hakujitungia. Ni mimi niliyemwambia aanze na moja. Alinieleza kwamba wewe unasema sifuri, nikamcheka. Halafu jana nikasimama hapa nikamkaripia kwa kosa langu. Yeye hana ukaidi. Ana baba mjinga mwenye majivuno."

Kikombe kiligusa sahani mahali fulani. Yule mwalimu kijana hakuwa anacheka tena. Mwalimu wa fizikia alivaa miwani, kisha akaivua.

"Mzee, wewe ulisoma mpaka wapi?"

Hili hakuwa amejiandaa nalo. Alihisi binti amegeuka kumtazama. Angeweza kusema zamani sana, angeweza kusema nimesahau, na mwalimu, kwa adabu yake, asingeuliza tena.

"Kidato cha pili," alisema. "Nilianguka. Nikarudia nikaanguka. Sekondari sikumaliza, na sayansi sikusoma. Hata nyumbani nimewadanganya, na huyu anasikia leo."

Mwalimu hakumpa pole na hakumsifu, akamgeukia binti. "Njoo hapa. Usishike kalamu. Kamba imefungwa mlangoni, mtu anaitikisa, mawimbi yanapita mbele ya kiti. Unawasha saa kilele cha kwanza kikipita, unazima kilele cha tisa kikipita. Sekunde nne. Kilele hadi kilele ni nusu mita."

Binti alijibu palepale. "Mawimbi ni manane, mwalimu. Kipindi nusu sekunde. Masafa ni mawili kwa sekunde. Mwendo mita moja kwa sekunde."

"Nani amekurekebisha? Umesoma jana?"

"Hapana, mwalimu. Ndivyo ulivyotufundisha."

Mwalimu alimtazama mtoto, akamtazama baba, akakusanya karatasi zake akatoka kwenda kwa mkuu wa shule. Aliporudi alisema mkuu amekubali. Binti atafanya mtihani mwingine Ijumaa, na akijibu kama alivyojibu sasa hivi, hakuna wa kumzuia mlangoni mwa maabara.

Mzee Jumla alishukuru mpaka maneno yakamwishia. Alitoka na binti wakasimama kwenye varanda, darasa la jirani likiimba jedwali. Alitegemea kujisikia mwepesi. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza tangu mle ndani, tangu lile jibu lililotoka bila kusita.

"Ulijua," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Tangu jioni ile mezani?"

"Tangu darasani."

"Ulijua ni kumi, na kwenye mtihani ukaandika kumi na moja?"

Binti alikuwa akikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. "Ulisema utaniuliza nilivyojibu, moja moja. Ningesema nimeandika ya mwalimu, ungehuzunika. Ulikuwa umefurahi sana, Baba."

"Si ungenidanganya tu! Ungeandika kumi, mimi ukaniambia kumi na moja. Ningejuaje? Mwalimu mbona ulimdanganya?"

"Mwalimu ni mwalimu." Alifikiri kidogo, kana kwamba ndiyo kwanza analitazama jambo hilo vizuri. "Mimi na wewe nilidhani hatudanganyani."

Hakusema kwa hasira. Hasira angalau ingempa Mzee Jumla kitu cha kushika. Kengele ikalia, binti akamuaga kwa heshima kama kila siku, akaenda darasani.